Mwethya na Mashine ya Bonanza

Kanisani kwetu watoto hutoa sadaka kabla ya watu wazima, ili wasipate muda wa kuipoteza. Jumapili moja mtoto wa dada yangu, msichana aliyekuwa na miaka kumi, alisimama kwenye mstari akiwa ameshika leso iliyofungwa fundo. Alipofika kwenye kikapu aliifungua, na sarafu zikamwagika kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea kusikia upande wa watoto. Mwalimu wa shule ya Jumapili alifurahi sana. Akamshika mkono, akamgeuza atuangalie.

"Hebu ambia kanisa, hii ni sadaka gani?"

"Ni fungu la kumi."

"Haleluya. Na Mungu amekubariki namna gani?"

"Nilishinda."

"Ulishinda nini? Mtihani?"

"Bonanza," alisema.

Mchungaji alikohoa, kisha akaomba kwaya itupe wimbo. Kwaya haikuwa tayari, kwa hiyo tulikaa tukisikiliza mbuzi wa jirani. Mimi nilitazama viatu vyangu. Sarafu zilibaki kikapuni. Mweka hazina wetu anachukia kamari kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini hakuzirudisha, wala sikumwona akizitenga na zile nyingine.

Tunakaa Mbooni, upande ule unaoteremka kwenda Tawa, na huko habari hazihitaji pikipiki. Nilipofika nyumbani mama yangu, ambaye hakuwa ameenda kanisani kwa sababu ya magoti, alikuwa ameshajua. Aliniuliza kama ni kweli mtoto ametoa fungu la kumi. Nikasema ni kweli. Akasema basi amelelewa vizuri, na akaendelea kupepeta maharagwe.

Bonanza ilikuwa sanduku la bati lenye taa nyekundu na kijani, limesimama ndani ya duka lililo karibu na shule. Kwenye kioo chake kulikuwa na picha za matunda na wanyama. Unatumbukiza sarafu ya shilingi ishirini, unabonyeza picha unayoipenda, taa zinazunguka zikiimba, halafu zinasimama kwenye picha nyingine. Mara moja moja zinasimama kwenye yako, na sarafu zinaanguka chini kwa kelele kubwa ili kila mtoto aliye barabarani asikie. Juu yake mwenye duka alikuwa amebandika karatasi iliyoandikwa kwamba watoto hawaruhusiwi kucheza. Chini yake kulikuwa na kreti ya soda iliyogeuzwa, ili wale wasiofikia tundu la sarafu waweze kufikia.

Naibu wa chifu alikuwa amefanya baraza kuhusu mashine hiyo. Alisema ni haramu, akasema hataki kuiona tena. Ikafungiwa stoo siku chache asiione, kisha ikarudi mahali pake.

Niliudhika, na sitasema niliudhika kwa ajili ya watoto wote. Niliudhika kwa ajili ya huyu mmoja. Dada yangu mdogo alikuwa ameenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, na asubuhi aliyoondoka alinishika mabega akaniambia, "Usimpe mtu mtoto wangu. Nikirudi nataka nimkute hapa." Nilimwambia atamkuta. Yeye na baba wa mtoto walikuwa wameachana kitambo. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekaa, wakakubaliana kwamba msichana akae kwangu mradi tu analelewa vizuri, na kukitokea tatizo baba ana haki ya kumchukua. Ni nani atakayepima huo uzuri hawakusema, kwa sababu nyama ilikuwa tayari.

Baba yake anaziba pancha za malori kule Sultan Hamud. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinikera, maana mtu mbaya ungejua namna ya kumkatalia. Alipiga simu kabla wiki haijaisha.

"Shemeji, nimesikia mtoto anacheza kamari huko kwako."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Hao watu hawana kazi?"

"Shemeji, mimi sigombani na wewe. Shule zikifungwa nakuja kumchukua. Huku pia kuna shule."

Nikakata simu, nikashona sketi upande wa ndani nje. Mimi ni fundi wa nguo, na nikikasirika cherehani huenda kasi kuliko akili yangu.

Jioni hiyo nilimkalisha msichana jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kumchapa, lakini alianza kunieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, nikasahau nilipoiweka fimbo. Alisema alianza kwa chenji ya chumvi. Siku nyingine alipoteza, lakini siku nyingi alishinda, kwa sababu hakucheza kabla ya kuwatazama wengine wakipoteza kwanza. Sukari iliyokuwa ikituongezekea nyumbani, ambayo mama yangu alisema ni baraka, ilitoka huko.

"Na kwa nini unacheza? Unakosa nini hapa?"

Alifikiri. "Anti, hiyo mashine haisemi kesho. Ikikunyima inakunyima saa hiyo. Ikikupea inakupea saa hiyo."

Nilijua anamsema nani. Baba yake alikuwa akiahidi kuja kumwona kila mwisho wa mwezi, na mama yake kila alipopiga simu alisema yuko karibu kurudi. Hata mimi nilikuwa nimemwahidi viatu. Niliumia, na nilipoumia nikakasirika zaidi. Asubuhi nikaenda dukani.

Mwenye duka alikuwa kijana mpole aliyetoka upande wa Mwingi, amelinunua duka hilo mwaka uliotangulia. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo moyoni, na mengine ambayo sikuwa nayo ila yalikuja yenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kitambaa cha kufutia kaunta.

"Mama, mimi siiti mtu kuja kucheza," akasema. "Na hii si yangu. Mwenyewe anakujanga na pikipiki, anafungua na kifunguo yake, ananipatia yangu kidogo anaenda. Nikiitoa atanidai."

Nikamwambia nitaitoa mimi. Akasema sawa, na akaniuliza kama ningependa kununua kitu.

Ndipo nikalipeleka jambo hilo kwa mwethya. Mwethya wetu ni watu wa mteremko mmoja, wengi wao wanawake na wanaume wachache wenye subira. Wiki kwa wiki tunakwenda kwa mwanachama mmoja na majembe, tunamchimbia matuta ya kuzuia mvua isibebe udongo, anatulisha, na wiki inayofuata tunakwenda kwa mwingine. Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde. Nilipomaliza kueleza, hakuna aliyepinga. Karibu kila mmoja alikuwa na mtoto au mjukuu aliyetumwa mafuta ya taa akarudi na hadithi. Tukakubaliana kwamba Alhamisi ifuatayo hatutachimba kwa mtu. Tutakwenda dukani na majembe yetu, na ile mashine tutaivunja.

Hapo ndipo tulipokosea, na sidhani kuna watu wengine duniani ambao wangekosea hivyo. Mwethya hauendi kwa mtu bila kumpelekea habari. Ni utovu wa adabu, mwenyeji anaweza kukutwa hana hata unga. Kwa hiyo mwenyekiti, ambaye hufanya kila kitu kwa utaratibu, alimtuma mjukuu wake dukani Jumatano akaseme, "Kesho mwethya unakuja kwenu." Hakutaja sababu, kwa kuwa sababu husemwa watu wakishafika.

Tulifika Alhamisi mapema, majembe begani, nyuso zimekunjwa. Mke wa mwenye duka alikuwa mlangoni akitusubiri. Alikuwa amevaa leso mpya. Nyuma yake kulikuwa na sufuria ya uji na vikombe vimepangwa juu ya meza, na kutoka uani tulisikia harufu ya muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakachemshwa na maharagwe tangu alfajiri. Alitushika mikono sote, mmoja mmoja. Alisema tangu wahamie huko hakuna mtu aliyewahi kuwakaribisha kwenye kazi, na kwamba alipopata ujumbe alilia.

Mwenyekiti alinitazama. Nami nikamtazama. Kikombe cha kwanza kikawekwa mkononi mwake, na ungetaka afanye nini? Alikunywa. Sote tukanywa. Ulikuwa uji wa wimbi, yaani ulezi, mzito, wenye ndimu. Ndani ya duka mashine ilikuwa ikiwasha taa zake.

"Mtaanzia wapi?" mke wa mwenye duka akauliza. "Shamba liko huku nyuma. Maji yameliharibu sana."

Uji wa mtu ukishaingia tumboni huwezi kumvunjia nyumba. Tukazunguka nyuma ya duka. Ni kweli, shamba lilikuwa limechimbwa na mvua vibaya sana. Tulipima, tukavuta kamba, tukachimba. Mwenye duka mwenyewe alifunga duka akaja kuchimba nasi, na saa sita tukala muthokoi. Nilikula sahani mbili kwa hasira. Jioni shamba lilikuwa na matuta mazuri kuliko ya kwangu, tukaimba wimbo wa kuaga tukaenda zetu. Njiani tulitembea majembe begani, kama tulivyokuja. Baadaye mmoja wetu alisema muthokoi ulikuwa umeiva sawasawa, na hilo halikukanushwa.

Kwa siku kadhaa nilikuwa mtu wa kuepukwa. Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa, na baba wa msichana alinitumia ujumbe kuuliza saizi ya sare yake. Sikujibu. Usiku nilikuwa naota dada yangu ameshuka garini na begi lake, akiniuliza mtoto yuko wapi, nami natafuta chini ya cherehani.

Lakini mwethya una sheria zake, na zinabana pande zote. Ukishachimbiwa, umeingia. Huwezi kupokea mikono ya watu kisha yako ukaificha. Alhamisi iliyofuata mwenye duka alikuja kwa mwenyekiti na jembe jipya ambalo bado lilikuwa na bei yake kwenye mpini. Akafanya kazi vizuri, na malengelenge yake hakuyatangaza. Alhamisi iliyofuata akaja tena. Watu wakaanza kumpenda, na mimi pia, kidogo, jambo ambalo halikunisaidia.

Kisha ikafika zamu yangu.

Mwenyeji ndiye anayetaja kazi. Wengine wametaja matuta, mwingine alitaja kisima, mjane mmoja aliwahi kutaja choo, na kazi ikishatajwa hakuna anayeuliza zaidi ya mahali pa kuanzia. Nilipika, mama yangu akanisaidia akiwa amekaa. Wakaja wote, wakanywa uji, mwenye duka pia. Mwenyekiti akaniuliza kama kawaida, "Mwenye nyumba, kazi yetu leo ni gani?"

Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi yangu. "Sitaki matuta," nikasema. "Nataka ile mashine itolewe dukani."

Watu wakatazama vikombe vyao. Mwenye duka aliweka chake chini taratibu. Nilimwonea huruma, na sikuyarudisha maneno yangu.

"Lakini hiyo haiko kwa shamba yako," akasema.

"Kisima pia hakikuwa kwa shamba ya mtu," mwenyekiti akajibu. "Kilikuwa kwa barabara. Tulichimba."

"Mwenyewe akikuja nitamwambia nini?"

"Utamwambia ilibebwa na mwethya. Na wewe ulikuwa hapo, ulibeba. Si wewe ni wa mwethya?"

Mwenye duka alilichukua jembe lake. Kisha akasema yeye pia ana mtoto, yuko gredi ya kwanza, na kwamba juzi amemkuta amesimama juu ya kreti. Alisema hivyo akitazama jembe lake. Akasimama, tukasimama.

Ilikuwa nzito kuliko tulivyodhani. Tuliifunga kwa kamba kwenye miti miwili, jinsi tunavyowabeba wagonjwa kupanda ule mlima pikipiki isipoweza, na mwenye duka alishika upande wa mbele. Hatukuivunja. Mwenyekiti alisema kitu kikivunjwa kinakuwa kesi, lakini kikibebwa ni kazi tu. Tulipopita karibu na shule watoto walijaa kwenye ua. Hakuna aliyeshangilia. Msichana wetu alikuwa katikati yao na alinitazama kama mtu ambaye mbuzi wake ameuzwa. Tuliifikisha ofisini kwa naibu wa chifu, tukaiweka mbele ya mlango, mahali ambapo asingeweza kusema hajaiona.

Mwenye mashine alikuja wiki hiyo na pikipiki yake. Mwenye duka alimwambia iko kwa naibu wa chifu, akamwelekeza njia vizuri kabisa. Mwenyewe alishukuru, akageuza pikipiki, akaenda upande mwingine. Mpaka leo hajaifuata.

Matuta yangu hayakuchimbwa msimu huo, kwa sababu zamu ni moja. Mvua ilipokuja ilibeba udongo wa juu pamoja na maharagwe yangu, ikawapa watu wa chini. Nililia kidogo, kwa kuwa nalipenda shamba lile. Msichana hakusema nami siku kadhaa. Alinipa heshima zote, akaleta maji, akaosha vyombo, ila maneno alimpa bibi yake.

Shule zikafungwa. Baba yake akaja na begi jipya la shule mgongoni, lile la watoto, na kwa mwanamume mkubwa lilionekana limemshika kwapani. Nikampa chai. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba hapa kwetu hakuna mashine, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa, na kwamba watu huzidisha maneno. Sikupata nafasi. Alimwita msichana, akamuuliza kama ni kweli alicheza kamari.

"Ni kweli," akasema. Akamweleza yote, chenji ya chumvi, leso, kanisa. Nilikaa nimeshika birika. Nilijua nimempoteza, na nilianza kufikiria nitakavyomwambia dada yangu.

Katikati ya maelezo hayo simu ya baba yake ikalia mlio mfupi. Akaitazama chini ya meza, uso ukabadilika, akairudisha mfukoni. Msichana aliacha kuzungumza.

"Umebeti?" akamuuliza.

"Ni mpira tu."

"Imekula pesa?"

Baba yake aliinua kikombe. Akanywa, ingawa kilikuwa kitupu.

"Umeweka ngapi?"

"Kidogo."

"Hata mimi nilikuwa naweka kidogo," msichana akasema. Hakusema kwa ukali. Alisogea akaketi karibu naye kwenye benchi, akamgusa mkono.

 Baada ya muda baba yake akaniuliza ile mashine tuliifanya nini. Nikamweleza, kuanzia uji. Alicheka tulipofika kwenye matuta, tulipofika kwenye kubeba hakucheka tena. Alitazama nje.

"Kule kwetu barabarani ziko kila mahali," akasema. "Na kila mtu ako na simu. Hakuna mtu anaweza bebea mwingine." Alilivua begi, akaliweka juu ya magoti ya msichana. "Shemeji, wacha akae. Akae tu hapa."

Nilitaka kumshukuru, nikamwongezea chai.

Msichana alimsindikiza mpaka panapokaa bodaboda. Nilisimama mlangoni nikiwatazama wakiteremka, yeye akizungumza kwa mikono na baba yake akitikisa kichwa. Nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kuificha, nikafagia uwanja uliokuwa umefagiwa. Aliporudi alikuwa peke yake, na begi mgongoni mwake. Alisimama karibu nami bila kuingia ndani.

"Anti, mwethya unaweza kwenda Sultan Hamud?"

Nikamwambia ni mbali. Nikamwambia pia mwethya huenda kwa mwanachama tu, si kwa kila mtu.

Akafikiria hilo, akivuta mikanda ya begi. "Mtoto anaweza kuingia akiwa na miaka ngapi?"

Nikamwambia akachote maji. Ndoo zilikuwa zimejaa, na aliziona, lakini alichukua mtungi akaenda bila kuuliza. Nilisubiri mpaka alipopinda kwenye shamba la kahawa, ndipo nikaketi pale mlangoni nikalia.